Tuunge Picha, Tusiunge Maneno ya Watu

Ndugu msomaji, leo nina jambo la kukiri, na jambo lenyewe ni la sekunde mbili tu. Katika sekunde mbili hizo nilimfanya shangazi yangu, mwanamke aliyenilea, aonekane akisema neno ambalo hakupata kulisema maishani mwake. Sikumtilia neno kinywani. Maneno yote yalikuwa yake, kwa sauti yake na uso wake mwenyewe. Nilichofanya mimi ni kuunga vipande viwili vya video, nikaviunga vizuri mno hata mshono usionekane. Hapo ndipo lilipo kosa langu, na ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Siku hizi kwetu pwani hapana arusi, hapana Maulidi, hapana hata safari ya mashua kutoka Lamu kwenda Shela, pasipo mtu aliyeinua simu. Huchukua sekunde kumi hapa na ishirini pale. Jioni vipande hivyo huingizwa katika programu iliyomo humo humo simuni, vikaungwa, vikatiliwa sauti, na kabla ya isha vimekwisha kufika Maskati, Dubai na London kwa jamaa tuliotengana nao miaka mingi. Siwalaumu vijana kwa hilo, bali nawasifu. Sisi tulikuwa tukingoja barua wiki nzima na zaidi, na ikiwa ndani yake mna picha moja, nyumba nzima ilifanya sikukuu.

Wala mimi si mgeni wa kazi hii. Nilianza zama za kanda za VHS, wakati kuunga video kulitaka mashine mbili, moja ya kuchezesha na moja ya kunasa, na mtu akakaa katikati akivizia mahali pa kubonyeza. Kila kanda iliponakiliwa picha ilizidi kuchujuka, na ukikosea ulirudia kazi tangu mwanzo. Taabu ile ilitufunza kufikiri kabla ya kukata.

Basi nina mambo mawili ya kusema. La kwanza ni jinsi ya kuunga vipande vifupi vya video hata mtazamaji asigutuke. La pili ni mahali ambapo haifai kuviunga hivyo, hata kama twaweza.

MAPAMBO SI MSHONO

Programu za simu huja na mapambo tele ya kuvukia kutoka kipande kimoja hadi kingine. Picha huzunguka, hupasuka kama kioo, hugeuka kama ukurasa wa kitabu, au huingia kwa umbo la moyo. Kijana akiyaona kwa mara ya kwanza hutaka kuyatumia yote katika video moja. Nimepata kuona video ya arusi ambamo bwana arusi aliingia mlangoni akizunguka kama pia, na alipoketi mbele ya kadhi akapasuka vipande vipande. Watu walicheka hata machozi, na maskini kijana aliyeitengeneza alidhani wamefurahi.

Mapambo hayo yana mahali pake, kama kuonyesha kwamba siku imepita au kwamba tumehama mji. Lakini hayaungi kitu. Hufunika tu mahali ambapo hapakuungwa, kama mtu anayetandika busati juu ya sakafu yenye shimo. Jicho huenda lisilione shimo hilo, lakini mguu utaliona.

Aliyewahi kukaa na wasukaji wa mikeka aelewa ninayoyasema. Mkeka hausukwi mzima. Husukwa ukili mrefu mwembamba, kisha ukili hushonwa ukingo kwa ukingo hata ukawa mkeka. Mshonaji hodari hutazama nakshi na rangi za pande zote mbili kabla ya kutia sindano, ili zikutane pale zinapopasa kukutana. Mkeka ukiisha, jicho hupita juu yake kama kwamba ni kitu kimoja, na wala hapana aliyehitaji kuuficha mshono kwa pambo.

Washairi wetu nao wanao ufundi huo huo. Katika shairi la pindu, ambalo wengine huliita mkufu au nyoka, maneno yanayofunga ubeti mmoja ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata. Msikilizaji haachwi aruke peke yake. Hushikwa mkono na neno alilokwisha kulisikia, na mara akajikuta yuko upande wa pili. Siri ya kuunga video imo humo. Kitu kilichomo mwishoni mwa kipande cha kwanza na kipokelewe mwanzoni mwa kipande cha pili. Kitu hicho chaweza kuwa mwendo, umbo, rangi, sauti, au mahali ambapo jicho lilikuwa likitazama.

WALIVYOJIFUNZA WA KWANZA

Ufundi huu haukuzaliwa siku moja na sinema. Filamu ambazo ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walizionyesha Paris mwaka 1895 zilikuwa za sekunde kama 50 kila moja, na kila moja ilikuwa kipande kimoja kisichokatwa: wafanyakazi wakitoka kiwandani, mtoto mchanga akilishwa na wazazi wake. Kwa urefu hazikupishana sana na vipande tunavyochukua leo kwa simu.

Mwaka 1903 Mmarekani Edwin S. Porter alitoa filamu ya wazimamoto wanaomwokoa mama na mtoto katika nyumba iwakayo. Alionyesha uokozi huo wote tukiwa ndani ya chumba. Alipomaliza akauonyesha tena uokozi ule ule, mwanzo hadi mwisho, sasa tukiwa nje barabarani. Mtazamaji wa leo hushangaa kuona watu wakiokolewa mara mbili. Lakini wakati ule haikuwa imezoeleka kwamba mtu aweza kupita dirishani katika kipande kimoja na kutokea chumbani katika kipande kingine, na watu wakafahamu kuwa tendo ni moja.

Ruka sasa hadi mwaka 1962. Katika filamu ya "Lawrence of Arabia", iliyoongozwa na David Lean na kuhaririwa na mwanamke Mwingereza, Anne V. Coates, Lawrence ashika njiti ya kiberiti inayowaka. Aipuliza, na mara hiyo hiyo tuko jangwani, mbingu nyekundu, jua likikaribia kuchomoza. Ilikuwa imekusudiwa picha ya kwanza iyeyukie ya pili polepole. Lakini vipande vile vilipotazamwa vikiwa vimewekwa sako kwa bako, bila ya kuyeyushwa, ikaonekana kwamba hapahitajiki kitu kingine. Moto mdogo umepokelewa na moto mkubwa. Hiyo ni pindu, ingawa walioitengeneza hawakuwa malenga wa Kiswahili. Coates alipata tuzo ya Oscar kwa uhariri wa filamu hiyo.

KAZI YENYEWE

Tuseme basi, ndugu msomaji, kwamba kijana wako amerudi kutoka Maulidi ya Lamu na vipande kumi na viwili simuni. Mna mashua zikiwasili gatini, mna goma la kirumbizi na fimbo zake, mna zefe ikipita njiani na matari yakilia. Ataviunga vipi?

Kwanza, na akate katikati ya mwendo. Mpigaji anapoinua mkono kulipiga tari katika picha ya mbali, kipande kikatwe mkono ukiwa bado uko hewani, na picha ya karibu ianze na mkono ule ukimalizia safari yake. Jicho hufuata mkono likausahau mkato. Akingoja mpaka mkono utulie ndipo akate, jicho halina cha kulishughulisha, na mkato utaonekana waziwazi. Kwa goma la kirumbizi jambo hili ni rahisi zaidi, maana fimbo haipumziki.

Pili, na alinde upande. Ikiwa zefe yaenda kutoka kushoto kwenda kulia katika kipande cha kwanza, na iendelee hivyo hivyo katika vipande vinavyofuata. Wapigaji picha huwazia mstari ardhini na kubaki upande mmoja wake. Kamera ikivuka mstari huo, watu wale wale wataonekana wamegeuka na kurudi walikotoka, na mtazamaji wa Maskati atauliza kulikoni. Kama hapana budi kuvuka, na kitiwe katikati kipande cha watu wakija moja kwa moja kuelekea kamera, ndipo upande ugeuzwe.

Tatu, asiunge vipande viwili vinavyokaribia kufanana. Ukichukua uso wa mtu, ukasogea kidogo tu, kisha ukaviunga, mtu yule huonekana ameruka mahali alipo kama aliyechomwa na mwiba. Mafundi husema kamera isogee pembeni angalau nyuzi 30, au ukubwa wa picha ubadilike hasa: kutoka umati mzima hadi uso mmoja, kutoka uso hadi kiganja.

Nne ni sauti, na hii ndiyo inayosahauliwa na wengi. Acha matari yasikike wakati macho yangali yakitazama mashua na maji. Sekunde moja yatosha. Sikio limekwisha kuvuka, na jicho litafuata kwa hiari yake. Au fanya kinyume chake, sauti ya bahari ibaki kidogo baada ya picha ya zefe kuingia. Tena, kabla ya kuondoka mahali popote, kijana na asimame kimya anase sekunde 30 za sauti ya hapo bila ya kuzungumza: upepo, punda, kishindo cha watu kwa mbali. Sauti hiyo ikipitishwa chini ya vipande vyote, vitakuwa kama vimekaa chini ya paa moja. Na pale sauti mbili zinapokutana, moja ifififishwe kidogo na nyingine ipandishwe, kusitokee mdokoo.

Tano, kuyeyusha picha moja ndani ya nyingine ni kwa ajili ya wakati unaopita, kama asubuhi inapokuwa jioni. Televisheni yetu hupitisha picha 25 kwa sekunde, sinema 24, na simu nyingi 30. Ukiyeyusha kwa sekunde nzima, picha zote hizo zimechanganyika na za jirani. Kipande cha sekunde tatu kilichoyeyushwa sekunde moja mwanzoni na sekunde moja mwishoni hubakiwa na sekunde moja tu iliyo safi. Ndiyo maana video nyingi za simu huwa kama zimetazamwa ndani ya moshi.

La mwisho lahusu kupiga picha kwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila kipande na kianze sekunde tatu kabla ya tendo na kiishe sekunde tatu baada yake. Asiyeacha ukingo hana pa kushonea.

Walter Murch, Mmarekani aliyehariri "The English Patient" ya mwaka 1996, aliandika kitabu kuhusu kazi hii, na humo akaupima mkato mwema kwa mambo sita. Hisia alizipa asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10. Yale matatu ya mwisho, yanayohusu jicho la mtazamaji na mahali watu walipo katika picha, yote pamoja hayapati ila 16. Maana yake ni kwamba mkato ukigongana na jicho lakini ukasadifu hisia, mtazamaji atausamehe. Hilo nililisoma zamani nikadhani nimelielewa. Sikuona kwamba katika mizani ile, ambayo ni ya sinema za hadithi, halimo swali la kama msemaji alisema hivyo au hakusema.

KOSA LANGU

Shangazi yangu ni msukaji wa mikeka. Alizaliwa Lamu, akaolewa Mombasa, na mpaka leo akaa Mji wa Kale, na miyaa haikauki nyumbani kwake. Mpwa wangu amekuwa akimchukua video fupi fupi kwa muda wa miaka miwili, kila akienda kumwamkia. Mwaka jana aliniletea vipande 41, kirefu kuliko vyote hakifiki dakika moja, akaniambia, "Mjomba, tumtengenezee Bibi video moja, tuwapelekee watu wa Maskati."

Nikaifanya kazi ile kwa mapenzi. Katika kipande kimoja shangazi asema kwamba wenzake wachache walipelekwa shule, lakini yeye alipewa miyaa akaambiwa asuke. Amalizia maneno hayo akiinua mkono wa kulia kuuvuta ukili. Katika kipande kingine, kilichochukuliwa karibu mwaka mmoja baadaye, kaketi baraza ile ile, leso ni ile ile, mwanga ni ule ule wa baada ya alasiri. Kipande hicho chaanza mkono wa kulia ukishuka na ukili wake, naye asema, "Alhamdulillahi, sijuti hata kidogo."

Ndugu msomaji, aliyepata kuifanya kazi hii ajua furaha niliyoipata. Mkono wapanda katika kipande cha kwanza, washuka katika cha pili. Nikauunga mwendo kwa mwendo, nikaivusha sauti ya ndege wa uani juu ya mshono, nikatazama mara kumi. Hata mimi mwenyewe sikuuona mkato.

Video ikaenda. Usiku ule ule ikaja sauti kutoka Maskati, ya binti mkubwa wa shangazi, ambaye ni muuguzi huko. Alikuwa akilia. Alisema, "Mama, kumbe hukujuta? Mimi nilisoma kwa sababu ulinambia kila siku kwamba ulijuta."

Nikaenda Mji wa Kale asubuhi yake. Shangazi akaniomba nimwonyeshe tena. Akatazama mpaka mwisho, akatulia, kisha akasema, "Nimesema yote mawili, mwanangu. Lakini sikuyasema pamoja."

Nikamwita mpwa wangu, tukakitafuta kile kipande cha pili kabla ya kukatwa. Kumbe alikuwa amemwuliza, "Bibi, wajutia kuhama Lamu?" Hilo ndilo alilokuwa akilijibu. Kuhusu shule, shangazi hakupata siku moja kusema kwamba hajuti. Alijuta umri wake wote, na kwa majuto hayo alisuka mikeka usiku kwa taa ya mafuta akalipa karo za binti zake watatu. Mimi, kwa sababu mikono miwili ilikuwa imekutana vizuri, nikamfuta majuto yake mbele ya mtoto aliyesomeshwa nayo.

KWA NINI ILISADIKIWA

Mrusi Lev Kuleshov alilijaribu jambo hili mapema katika karne ya 20. Kama inavyosimuliwa, aliuchukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, usioonyesha jambo lolote, akauunga na sahani ya supu, kisha na maiti ndani ya jeneza, kisha na mwanamke. Watazamaji wakausifu uso ule: tazama njaa yake, tazama huzuni yake, tazama mapenzi yake! Uso ulikuwa ule ule mara zote tatu. Maana haikuwamo ndani ya picha. Ilizaliwa katika mshono, na mtazamaji ndiye aliyeizaa.

Hii ndiyo hatari ya mshono laini. Mkato unaogutusha humwambia mtazamaji kwamba hapa pana kitu kimeondolewa. Mkato usioonekana humwambia kwamba hapana kilichoondolewa, na yeye husadiki kwa macho yake mawili.

Wala jambo hili si la nyumba yangu peke yake. Kila siku twapelekewa vipande vya mawaidha, sekunde thelathini za shehe aliyezungumza saa nzima, mwanzo wa sentensi umeungwa na mwisho wa sentensi nyingine, na chini yake kumetiliwa qasida ili mshono usisikike. Watu hugombana mpaka ndugu wakahamana. Vivyo hivyo kwa wanasiasa, na kwa wazee wetu wanapohojiwa juu ya nyumba na mashamba. Kila aliyepita chuoni aujua mfano wa mtu anayeisoma Suratul-Maun akaishia pale wanaoswali wanapotajwa kwa onyo, asifike kwenye aya inayoeleza ni wenye kuswali gani. Hakuzua neno hata moja. Amekata tu. Na wazee wetu waliohifadhi riwaya walitaka kujua nani amepokea kwa nani, wala hawakuona haya kuitaja kila pete ya mkufu.

Nitaambiwa kwamba kuhariri kote ni kukata, na kwamba hata gazeti hili hukata. Ni kweli. Lakini pana tofauti kati ya mkato unaofupisha neno na mkato unaozaa neno jipya. Kuondoa kikohozi ni kufupisha. Kuondoa swali na kuliunga jibu lake na habari nyingine ni kuzaa. Kipimo changu sasa ni kimoja: msemaji akiketi kando yangu akaitazama video hii, je, atasema, "Ndivyo nilivyosema"?

Kwa hiyo twawasihi vijana wetu. Katika mwendo, ngoma, mashua na mikono inayosuka, unga laini uwezavyo. Huo ni ufundi, na ufundi ni heshima kwa mtazamaji. Lakini maneno ya mtu yanapokatwa kutoka siku moja hadi siku nyingine, mkato na uonekane. Tia giza la nusu sekunde. Andika siku na mahali chini ya picha. Liache swali lisikike kabla ya jibu. Usifunike mkato wa maneno kwa picha ya mikono wala ya maua ili kuzifanya siku mbili ziwe moja. Wala usiogope kwamba video itaonekana mbovu. Mfaransa Jean-Luc Godard, katika filamu yake "À bout de souffle" ya mwaka 1960, aliiacha mikato ionekane waziwazi, watu wakashtuka, kisha wakazoea, na leo yafundishwa katika vyuo vya sinema.

Tena, kabla ya kuituma, mwonyeshe mwenyewe. Katika nyumba zetu, ambamo mama na dada zetu hawapendi sura zao zitembee ovyo, ruhusa ilipasa kuja kabla ya ufundi. Lau ningalimwonyesha shangazi kwanza, binti yake asingalilia usiku ule.

Ile video niliitengeneza upya. Baada ya maneno ya shule nikatia giza, kisha nikarudisha sauti ya mpwa wangu akiuliza juu ya kuhama Lamu, ndipo jibu likaja. Mkono hauungani tena na mkono. Mtazamaji huona wazi kwamba ni siku nyingine. Na mwishoni nikaongeza kipande kipya ambacho shangazi mwenyewe alinitaka nikichukue, cha sekunde 48, bila mkato hata mmoja, akimwambia binti yake kwa jina kwamba alijuta, na kwamba hajuti tena tangu siku alipomwona amevaa nguo nyeupe za uuguzi.

Hicho sikukigusa.